Dawa ya Tasi

Ching-tien aliingia kwa mlango wa jikoni, mkono wa kulia ameufunga taulo na kuubana kifuani. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo duka lao la kifungua kinywa halifunguliwi, na kila Jumatatu mwenye duka huyo huwa ufukweni na ndoano zake. Samaki hakuja nao. Hata fimbo ya kuvulia hakuja nayo, na kwetu bandarini mwanamume akiacha fimbo yake nyuma, jua kwamba ama kafiwa ama yuko karibu kuliliwa yeye.

"Samaki gani?" mkewe akamuuliza.

Msimlaumu Yueh-chiao kwa kutosema pole kwanza. Kwetu dawa haianzii kwenye jeraha, inaanzia kwenye jina la samaki. Mtoto wa hapa anaijua orodha kabla hajajua kusoma: taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, wa kwanza, chui wa mwamba wa pili, kambare wa chumvi wa tatu, tasi wa nne. Kila mmoja ana sumu yake na dawa yake. Ya tasi ni jicho la tasi mwenyewe: unalitoboa, unakamulia maji yake kidondani, unalala, kukicha umesahau. Taa hana dawa ya nyumbani. Aliyechomwa na taa anapakiwa kwenye gari na kupelekwa hospitali, na watu wanamwombea njiani.

Ching-tien alitazama sakafu, akatazama jiko, akatazama kalenda ya hekalu ukutani.

"Tasi," akasema.

Yueh-chiao akaifungua taulo. Yeye ni binti wa mvuvi. Alipasua samaki kabla hajashika kalamu. Mwiba wa tasi huingia kama sindano na kuacha vitone. Hapa palikuwa na mpasuko chini ya kidole cha shahada, kingo zimechanika ovyo na kuwa nyeupe, damu ikichuruzika bila kukoma. Mwiba wenye meno ya msumeno ni wa mkia wa taa, wala hakuhitaji kuambiwa. Na taa hakai kwenye mawe ya ukuta wa bandari, ambako mumewe alisema anakwenda. Taa hulala kwenye mchanga. Mchanga uko mahali pamoja tu, kule mto unapoingia baharini, na kule mtoni, tangu mwezi uliopita, ndiko alikohamia Hsiu-man na kibanda chake cha chambo.

Moyo ukamruka, kisha ukakaa kimya kabisa, na kimya hicho ndicho kibaya.

"Tasi?" akarudia.

"Tasi. Mkubwa."

"Haya," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha ndani. "Mama! Mwanao kachomwa na tasi!"

* * *

Huyo Hsiu-man ni mwanamke aliyeachana na mume, anauza kamba wadogo wa chambo, na mwenyewe anavua kuliko wanaume wengi wanaomcheka. Mwanzoni mwa joto la mwaka huo Ching-tien alichomwa na tasi wa kweli pale ukutani. Hsiu-man alimkalisha juu ya sanduku la barafu, akauweka mkono wake magotini, akawa anaumiminia maji ya moto kidogo kidogo kutoka kwenye chupa yake ya chai, huku akipuliza. Mmoja wa wavuvi akapiga picha. Picha ikafika kwenye simu ya Yueh-chiao kabla mume hajafika nyumbani.

Kilichomuua Yueh-chiao katika ile picha hakikuwa mkono. Ulikuwa uso wa mumewe. Alikuwa amefumba macho, ametulia, mdomo umelegea kwa raha, uso ambao mkewe hakuwahi kuuona tangu walipofungua duka. Yeye uso anaoujua ni wa mtu wa saa kumi alfajiri anayekanda unga na kusema chumvi imezidi.

Wateja nao hawakumwonea huruma. Kwa wiki nzima aliyekuja kununua chapati ya yai alimwuliza, "Bosi karudishiwa mkono wake, au bado uko kwa yule dada?" Yueh-chiao akacheka nao, maana mteja ni mteja, na usiku akaipigiza ukutani chupa ya chai ya nyumbani ikavunjika. Kesho yake akampeleka mumewe kwenye hekalu la Mama Mazu, mungu wa kike anayelinda wavuvi, akamshikisha vijiti vya udi, akamwapisha: hatakanyaga ufukwe aliosimama mwanamke yule, wala mkono wa mwanamke yule hautamgusa tena. Ching-tien akaapa. Tangu hapo, ndani ya nyumba ile yenye masufuria mawili yanayochemka tangu alfajiri, hakuna aliyethubutu kutaja maji ya moto kuwa ni dawa.

Je, alikwenda mtoni kumfuata Hsiu-man? Hapana. Alifuata samaki. Ukutani samaki walikuwa wameadimika, na mtoni changu weusi walikuwa wanaingia makundi kwa makundi. Mwulize mvuvi yeyote kama angekaa nyumbani. Lakini alijua kwamba Hsiu-man yuko kule, na hakugeuza pikipiki yake. Hilo nalo ni kweli.

* * *

Mama mkwe alikuja akipapasa ukuta. Macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, lakini kwa habari ya miiba ya samaki mtaa mzima bado unamsikiliza yeye.

"Tasi kweli? Hebu kishike kidole changu, ukiweke pale penye kidonda nipasikie."

Kidole cha kizee kile kingelijua jambo mara moja. Yueh-chiao akaushika mkono wa mama mkwe, akausogeza pembeni taratibu.

"Utamtonesha, Mama. Ni vitone viwili tu."

Ching-tien akainua macho kumtazama mkewe. Akadhani amenusurika. Akashusha pumzi.

"Basi jicho," mama mkwe akasema. "La kulia kwa mkono wa kulia. Na asile kamba wala bata mpaka pakauke."

Yueh-chiao akaenda sokoni mwenyewe. Muuza samaki, mwanamke mnene mwenye buti za mpira, akamchekea toka mbali.

"Tasi tena, Mama Bosi? Kachomwa tena huyo? Safari hii nani kamshika mkono?"

"Mimi," Yueh-chiao akajibu kwa sauti ambayo hata muuza tofu wa ng'ambo ya njia aliisikia. "Mimi mkewe. Nipe kumi, na wawe na macho mazima."

Na jioni ile, mtu asinidanganye, alikuwa na furaha. Alimkalisha mumewe kwenye kiti cha mianzi, akauweka mkono wake magotini mwake mwenyewe, akatoboa jicho la tasi kwa kijiti cha meno, akalikamua. Ching-tien akauma meno. Mkono ulikuwa wa moto, mzito. Miaka mingapi imepita tangu aushike mkono huu bila kuupokonya kitu, sinia au noti? Akaupuliza. Akautazama uso wa mumewe kuona kama utalegea kama ule wa kwenye picha. Haukulegea.

"Unasikia nafuu?"

"Nasikia."

"Mtaje basi huyo samaki wako kwa jina lake, dawa ifanye kazi." Alisema kama anatania. "Samaki gani?"

"Si nimeshakwambia, Chiao? Tasi."

Hapo ndipo alipoamua. Akitamka taa, nampeleka hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni kwa kumbeba. Asipotamka, dawa ya tasi itaendelea. Aliuona uamuzi huo kuwa wa haki kabisa. Wivu una mizani yake, na mizani hiyo siku zote inaelemea upande anaoutaka mwenye wivu.

* * *

Asubuhi iliyofuata Ching-tien alikanda unga kwa mkono wa kushoto. Maandazi marefu yakatoka yamepinda, mengine mafupi, mengine yameungana. Mzee Kuo, dereva wa lori aliyestaafu na ambaye hukaa meza ya kwanza mpaka jua liwe kali, akainua moja juu.

"Bosi, hili andazi au kidole chako?"

Duka likacheka.

"Kachomwa na tasi," Yueh-chiao akasema akigeuza chapati. "Namtibu mwenyewe."

"Siku hizi umesomea? Tulidhani udaktari wa mikono uko kule kwenye chambo."

"Huko kumefungwa, Mzee Kuo. Lipa yuan zako thelathini uende."

Wakacheka tena, safari hii upande wake, na Yueh-chiao akasikia utamu wake mpaka kisogoni. Kila kukicha aliutoa mkono wa mumewe mbele ya wateja, akaukamulia jicho, akaufunga kitambaa safi. Alitaka waone. Laiti mmoja wao angepiga picha! Lakini wateja walitafuna na kutazama televisheni. Picha ya mke anayemtibu mumewe haina mnunuzi.

Jeraha halikukauka. Uvimbe ukapanda mpaka kifundo, kidole kikawa rangi ya biringani, harufu ikaanza. Ching-tien akaacha kushuka dukani. Usiku alilala amekaa, mkono juu ya mto.

"Tasi wa siku hizi wana sumu ya kiwanda," mama mkwe akasema. Alikuwa amekaa kitandani kwa mwanawe akimpangusa jasho. "Sijawahi kuona. Au nimekosea jicho? Chiao, wewe ulitumia la kulia?"

"La kulia, Mama."

"Basi ni mimi. Mkono wangu umezeeka, dawa yangu imechoka. Kesho nipeleke hekaluni nikamwulize Mama Mazu nimemkosea nini."

Yueh-chiao alisimama mlangoni na kitambaa kichafu mkononi, akasubiri mumewe aseme. Hapo palikuwa pahali pa kusema. Mama yake mzazi anajilaumu mbele yake! Ching-tien akageuzia uso ukutani.

Kumbe hata mama yako unamtoa sadaka kwa ajili ya yule, Yueh-chiao akawaza. Hakuwaza kwamba naye amesimama palepale, na jina lile lile analo mdomoni.

* * *

Hsiu-man alikuja wateja walipokuwa wengi. Aliegesha pikipiki nje, akaingia na kofia yake ya majani na vifuniko vya mikono vya kuzuia jua, amebeba fimbo ya Ching-tien. Duka zima likaacha kutafuna. Mzee Kuo akapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

"Dada," Hsiu-man akasema, "nimeleta fimbo ya Bosi. Aliiacha mtoni."

"Iweke hapo kwenye taka."

"Mkono wake vipi?"

"Kwani wewe ndiye mwenye mkono?"

"Dada, tusigombane. Naomba tusogee pembeni."

"Semea hapa hapa. Mbona mambo yako mengine unayafanya mbele za watu?"

Hsiu-man akakaribia jiko na kushusha sauti, lakini Mzee Kuo ana masikio.

"Aliyemchoma ni taa. Nimemwona kwa macho yangu, mpana kama hilo sinia lako. Nilimchukua baadaye nikamtazama mkia, ncha ya mwiba haipo. Imekatikia mkononi mwake. Amekwenda hospitali?"

"Mume wangu kasema tasi."

"Basi mume wako ni mwongo."

"Ni mwongo wangu. Si wako."

"Dada! Mimi simtaki mume wako." Sauti ikampanda, akairudisha chini. "Nilikimbia na chupa yangu ya chai, nikamwambia lete mkono niumwagie maji. Akauficha mgongoni. Ananitazama hivi, damu inamvuja kwenye suruali, ananiambia usiniguse, nimemwapia mke wangu mbele ya Mama Mazu. Akapanda pikipiki kwa mkono mmoja. Ningekuwa na mume wa namna hiyo mimi nisingeuza chambo."

Mwanamke mwingine angeyasikia maneno hayo akavua aproni na kukimbilia juu. Mume kakataa dawa kwa kuheshimu kiapo! Nini tena anachotaka mke? Lakini Yueh-chiao hakusikia hilo. Alisikia kwamba kiapo chao, kilichosemwa kwa kunong'ona kati ya watu wawili na moshi wa udi, kimefika masikioni mwa huyu mwenye kofia. Kwamba hata katika maumivu, maneno ya siri ya mumewe yalimwendea yeye. Na ile sentensi ya mwisho, kwamba angetamani mume wa namna hiyo, ikamwingia kama mwiba wenye msumeno: huingia kirahisi, hautoki.

"Umemaliza?"

"Mpeleke hospitali, dada."

"Chapati ya yai unataka, hutaki? Maana hapa ni dukani."

Hsiu-man akaisimamisha fimbo kando ya mlango, akaondoka.

Yueh-chiao akapanda ngazi, mafuta yakimtiririka vidoleni. Mumewe alikuwa macho. Alikuwa ameisikia sauti ya Hsiu-man kule chini na moyo ulikuwa unamdunda mpaka kwenye kidonda. Alingoja kelele. Alingoja sahani ivunjike. Badala yake mkewe akakaa ukingoni mwa kitanda, akamgusa paji la uso, akauliza kwa upole ambao hakuuzoea.

"Mzee wangu. Samaki gani?"

Angekuwa amejua angepiga kelele, Ching-tien akawaza. Kwa hiyo Hsiu-man hakusema. Mungu ambariki yule mwanamke.

"Tasi," akasema.

Yueh-chiao akanyanyuka, akaenda kwenye jokofu, akatoa kichwa cha tasi wa mwisho. Akatoboa jicho. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alilikamua mpaka tone la mwisho.

* * *

Jioni yake Ching-tien akaanza kuongea na baba yake aliyekufa. Mama mkwe akapiga mayowe. Mzee Kuo, aliyekuwa anapita kununua sigara, ndiye aliyeleta gari.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye miwani, wa kutoka Taipei. Alifungua kitambaa, akanusa. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu wa bandarini angeliuliza, na hilo lilimpa heshima machoni petu.

"Samaki gani?"

"Tasi," Ching-tien akasema kutoka ndani ya homa yake.

"Taa," Yueh-chiao akasema.

Walisema kwa pamoja. Daktari akatazama huku, akatazama kule.

"Ni taa," Yueh-chiao akarudia. "Mwiba umekatikia ndani. Kwenye mchanga wa mtoni, Jumatatu."

Ching-tien akageuza kichwa kwenye mto. Homa ilimwacha dakika hiyo ili aelewe vizuri.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofungua taulo."

"Na ukaniwekea jicho la tasi."

"Wewe ndiye uliyesema tasi."

Muuguzi akavuta pazia. Usiku ule walitoa kipande cha mwiba chenye urefu wa punje ya mchele, na kesho yake, sumu ilipokuwa bado inapanda, wakakata kidole cha shahada ili wauokoe mkono. Daktari alimwambia Yueh-chiao kwenye korido, bila ukali, kwamba angeletwa siku ile ile kingebaki. Na kwamba hata maji ya moto tu ya nyumbani, mara moja, yangemsaidia maumivu njiani. "Hamna maji ya moto kwenu?" akauliza.

Yueh-chiao akasema wanayo.

* * *

Duka likafunguliwa tena baridi ilipoanza. Ching-tien akajifunza upya kukanda, kuvuta unga na kuutumbukiza kwenye mafuta. Wateja walirudi, na ulimi wao ukarudi nao.

"Mimi nimeishi miaka sabini," Mzee Kuo akasema, "sijaona mtu aliyekatwa kidole kwa tasi. Tasi! Wa nne kwenye orodha! Ungekutana na wa kwanza si tungekuzika?"

Siku ile ya fimbo alikuwa amesikia, ila Mzee Kuo hupenda mtu aseme mwenyewe. Ching-tien akageuza andazi.

"Alikuwa tasi mkubwa," akasema.

"Mkubwa kama nani? Kama mke wako?"

Duka likacheka, na Ching-tien akacheka nalo. Kila siku walimwuliza, kila siku alisema tasi. Mwanzoni uongo ule ulikuwa wa kumficha yeye kwa mkewe. Sasa ulikuwa wa kumficha mkewe kwa watu. Maana bandarini kwetu kila mtu anajua kwamba binti wa mvuvi hawezi kulitazama jeraha la taa akaliita la tasi. Siku Ching-tien atakapotamka taa, watu wataacha kumcheka yeye na kumgeukia aliyesimama kwenye chapati. Yueh-chiao alilijua hilo. Kila aliposikia "tasi" alipasua yai kwa nguvu mpaka ganda likaingia kwenye bakuli. Mume hakumlaumu hata mara moja, na hakuna kipigo kingekuwa kizito kama hicho.

Mama mkwe alikaa kwenye kona yake akifungua maganda ya karanga. Hekaluni alikwishakwenda. Mtu akija kumwomba dawa ya mwiba, siku hizi alisema, "Mimi niulizeni habari ya karanga."

Ikafika asubuhi moja ya mvua Hsiu-man akaingia. Hakuwa na kofia. Aliinama kidogo kumsalimia kila mtu, akasimama mbele ya sufuria.

"Maziwa ya soya, dada. Ya moto."

Kabla Yueh-chiao hajashika kata, Mzee Kuo akageuka kwenye kiti chake.

"Afadhali umekuja. Wewe ulikuwepo. Tumalizie ubishi huu: aliyemla kidole Bosi ni tasi kweli?"

Hsiu-man akamtazama Ching-tien. Ching-tien akasimama na vijiti vyake virefu juu ya mafuta. Haikuchukua muda, pumzi moja tu.

"Tasi," Hsiu-man akasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Sijawahi kuona tasi mkubwa kama yule."

Na Ching-tien akatikisa kichwa kumshukuru. Kidogo sana. Uso ukamlegea, mdomo ukalegea, na macho akayafumba nukta moja.

Yueh-chiao akauona uso huo. Ulikuwa ule ule wa kwenye picha. Kidole kimekwenda, nguvu za mkono zimekwenda nusu, na uso ule bado ni wa mwanamke yule. Sasa wana siri yao wawili, na siri yenyewe ni yeye! Wanamhurumia, wanamfunika kwa pamoja. Afadhali wangemvua nguo katikati ya soko.

"Taa," akasema.

Watu hawakuelewa.

"Alikuwa taa!" Kata ikamdondoka kwenye sufuria. "Msimsikilize huyu, wala msimsikilize huyo. Hawajui kitu. Nilimjua mimi, siku ile ile, nilipofungua taulo. Mimi. Nikamwekea jicho la tasi asubuhi na jioni mpaka kidole kikaoza, kwa sababu alikwenda mtoni na hakuniambia. Mnataka kujua nani alimkata kidole? Ni mimi mkewe. Hakuna mwingine aliyemgusa."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mzee Kuo akaweka andazi lake kwenye sahani taratibu. Hsiu-man alikuwa ameinamisha kichwa. Ching-tien alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakutazama kitu kingine chochote humo dukani.

Kwenye kona, maganda ya karanga yalikuwa yamekoma kupasuka.

"Chiao," mama mkwe akaita. "Vile vitone viwili."

"Havikuwepo, Mama."

"Na mkono wangu uliusogeza."

"Niliusogeza."

Wote walingoja, hata mafuta nayo kama yalingoja. Kisha mama mkwe akakung'uta maganda kutoka kwenye sketi yake, akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye rafu, akashusha bakuli. Akalinyoosha mbele, kuelekea kule alikomsikia mkwewe akipumua.

"Mteja wako amesimama," akasema. "Mhudumie."

Yueh-chiao akalipokea bakuli. Akaivua kata kwenye sufuria kwa mkono mtupu, maziwa yakamchoma mpaka kifundoni, hakupiga kelele. Akajaza. Akalishika kwa mikono miwili, kama tunavyomkabidhi mtu kitu kwa heshima, akalisogeza mbele ya Hsiu-man.

"Na sukari," akauliza, "au bila?"

"Bila," Hsiu-man akasema.